Anayekujazia ritani amefanya mtihani gani?

Haya niliyaongea kwenye mkutano wa wafanyabiashara wadogo na vijana wa steshenari hapa Kigoma mjini. Watu kadhaa wakaniomba niyaandike ili na ambao hawakuwepo wasome, kwahiyo nimeyaandika karibu vilevile nilivyoongea.

Wazee wangu shikamooni. Kina mama wa Kibirizi, kaka zangu wa Mwanga na Ujiji, nyie mliotoka Kasulu na Uvinza mkaamka na giza, na nyie vijana wa steshenari ambao nafurahi kweli mmekuja wengi, habari za mchana.

Nina jambo moja tu leo ila ni zito kwangu, kwahiyo mnivumilie nikipandisha sauti. Nchi hii mtu akitaka kukuchoma sindano tunamuuliza cheti, akitaka kuendesha hiace ya Kasulu trafiki anamuuliza leseni tena ya daraja linalohusika, hata fundi wa kufunga umeme kwenye nyumba yako anatakiwa awe na leseni ya EWURA, wale wasimamizi wa nishati, lakini mtu anayekujazia ritani, ile taarifa ya kodi, anayekaa kwenye kompyuta akaiandikia serikali kwamba wewe mwaka huu umeuza milioni 10 na kodi yako ni kiasi fulani, huyo hatumuulizi kitu. Tunamuuliza bei. "Kujaziwa ritani shingapi?" Akitaja tunapunguziana, tunampa namba ya mlipakodi, yaani TIN, na paswedi, tunaondoka kwenda sokoni.

Sisemi hivi kuwadharau vijana wa steshenari, naomba nieleweke mapema kabisa. Hawa vijana wanatusaidia. Mama ana simu ya vitochi, hana barua pepe, mfumo wa TRA, mamlaka ya mapato, uko kwenye intaneti, sasa afanyeje? Ukiwafungia hawa kesho asubuhi, Machi nzima foleni ya makadirio itaanzia ofisi ya TRA mpaka stesheni ya treni. Kwahiyo sijaja kusema wafukuzwe, nimekuja kusema wasomeshwe, wapewe mtihani, wapewe leseni ya kiwango chao, na wawajibike kwa wanachoandika. Hilo ndilo jambo langu.

Ngoja nianze na hesabu maana hapo ndio utaona kwanini ujuzi ni hela. Chukua mama anayeuza dagaa rejareja, mauzo yake kwa mwaka ni milioni 10. Kwa viwango vilivyopitishwa 2019, mtu mwenye mauzo kati ya milioni 7 na milioni 11 ana njia mbili. Kama hana kumbukumbu analipa 250,000 kavukavu. Kama anazo, analipa 90,000 na juu yake asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 7, yaani asilimia 3 ya milioni 3 ambayo ni 90,000 nyingine, jumla 180,000. Tofauti ni 70,000. Mama huyu ana daftari! Anaandika kila siku, kwa mkono wake, nani kachukua kwa mkopo, ndoo ngapi zimetoka. Lakini aliyemjazia hakumuuliza kama ana daftari, kwasababu hajui kwamba daftari linabadilisha kodi. Sabini elfu imeondoka pale mezani na hakuna aliyeiba, ni mtu tu hakujua.

Sasa panda juu kidogo. Yuko mfanyabiashara wa jumla wa mawese, mauzo milioni 60 kwa mwaka. Nyie mnajua biashara ya jumla ilivyo, pesa inapita mikononi nyingi lakini inayobaki ni nyembamba, tuseme faida yake halisi baada ya mzigo, usafiri, vibarua na madumu ni milioni 5. Akiwekwa kwenye kodi ya mauzo, kwa kiwango cha 2022 cha asilimia 3.5 kwa mauzo ya kati ya milioni 11 na milioni 100, analipa 2,100,000. Lakini Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inampa mtu binafsi nafasi ya kuchagua kutoka kwenye mfumo ule wa mauzo akatozwa kwenye faida, mradi ana hesabu zinazosimama mbele ya afisa. Kwa faida ya milioni 5, mtu binafsi hatozwi kwenye 3,240,000 ya mwanzo, na kinachobaki ambacho ni 1,760,000 kinatozwa asilimia 8 kwa viwango vya 2021, inakuja 140,800. Rudia mwenyewe kwa kalkuleta ya simu. Milioni 2 na laki 1 kwa upande mmoja, laki 1 na arobaini elfu na mia nane kwa upande wa pili, mtu yuleyule, biashara ileile, mwaka uleule, na njia zote mbili ni halali. Ndio, kutengeneza hesabu kamili kuna gharama yake na kuna usumbufu wake, na si kila mtu itamfaa, wapo ambao faida yao ni kubwa na mfumo wa mauzo ndio nafuu kwao. Lakini anatakiwa awepo mtu wa kukaa naye apige hesabu zote mbili amwambie, mzee, chagua. Huyo mtu tunamuita mtayarishaji wa kodi, na kama hajui kwamba kuna kuchagua, basi anachofanya ni kuchapa tu.

Na upande wa pili upo pia, tusijifanye watakatifu. Kuna ile ya kujaza sifuri. Mtu kasajiliwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ritani inatakiwa kila mwezi kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kijana ana watu wengi na siku zimeisha, anaona bora aingize sifuri kwa wote ili mfumo usilete faini, "tutarekebisha baadae". Hakuna anayerekebisha baadae. Mashine ya risiti ya EFD yenyewe inatuma mauzo TRA, kwahiyo kule ndani kuna rekodi inasema umeuza na kuna ritani yenye jina lako inasema hujauza chochote, na siku rekodi hizo mbili zikikutanishwa anayeitwa ofisini si kijana wa steshenari, ni wewe. Kisheria mwenye deni ni mlipakodi. Ukisema "alijaza fulani" afisa atakusikiliza, atakuonea huruma pengine, halafu atakupa makadirio.

Hapo kwenye kuitwa ofisini kuna jambo linaloniuma kuliko yote na nataka tulikalie kidogo. Wengi wenu kwenye mfumo barua pepe iliyosajiliwa si yenu. Ni ya aliyewafungulia TIN. (TIN yenyewe ni bure, wanaolipishwa wanalipia bando na muda wa mtu, hilo sawa, lakini wengine wanalipishwa kana kwamba ni ada ya serikali na hiyo si kweli.) Sasa TRA wakikufanyia tathmini wakaona unadaiwa, taarifa inaenda kwenye ile barua pepe. Sheria inakupa siku 30 kuweka pingamizi kuanzia unapopewa taarifa, na ukiweka pingamizi unatakiwa ulipe kwanza theluthi ya kodi iliyotathminiwa au ile sehemu usiyoibishia, ipi iliyo kubwa, ingawa unaweza kuomba upunguziwe kama una sababu nzito. Ukishindwa pale una njia ya kwenda Bodi ya Rufaa za Kodi. Milango ipo. Ila yote inaanza kuhesabiwa na wewe uko Kibirizi unaanika dagaa hujui chochote, taarifa imelala kwenye barua pepe ya kijana ambaye alishahamia Kahama. Siku 30 zinapita. Deni linakuwa deni. Riba inaanza kutembea. Huyu kijana hajakutapeli hata kidogo, aliweka barua pepe yake kwasababu wewe ulikuwa huna, na hakuna mtu aliyewahi kumfundisha kwamba kushika barua pepe ya mlipakodi ni kushika haki yake ya kujitetea.

Ndio maana nasema mtihani.

Sasa mtaniuliza, kwani sheria yetu haisemi kitu? Inasema, na watu wengi hawajui. Kuna wahasibu wanaosimamiwa na NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi ambayo ipo tangu sheria ya 1972. Ritani ya kampuni kisheria inapita mikononi mwa mhasibu mwenye CPA, cheti cha juu cha uhasibu, aliyeidhinishwa kuhudumia umma. Kuna washauri wa kodi wanaosajiliwa na TRA, hao wana usajili na unaweza kuuliza kama mtu ni mmoja wao. Na tuna Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 ndio imebeba mambo mengi ya ritani, kumbukumbu na pingamizi. Kwahiyo juu kule ngazi ipo. Tatizo ni huku chini. Mwenye kampuni ana CPA wake, mwenye kampuni kubwa zaidi ana ofisi nzima ya wanasheria kule Dar, lakini mama wa dagaa, fundi cherehani, mwenye duka la vipuri vya pikipiki, ambao ndio wengi na ndio wanaoumia zaidi wakikosewa laki moja, wao wanahudumiwa na mtu ambaye ngazi haijamfikia kabisa, si mhasibu, si mshauri aliyesajiliwa, ni mwenye kompyuta. Na washauri waliosajiliwa wangapi watakuja kufungua ofisi Buhigwe au Kakonko wamsubiri mtu mwenye kodi ya laki na themanini? Hesabu haiwalipi. Siwalaumu.

Hili si letu peke yetu. Naomba niwapeleke Marekani dakika chache maana wao wameligombania hili mpaka mahakamani na kuna la kujifunza, zuri na baya.

Marekani watu wengi sana wanalipa mtu wa kuwajazia ritani. Na kwa sehemu kubwa ya nchi hiyo, mpaka leo, yeyote anaweza kufanya kazi hiyo, anachotakiwa na serikali kuu ni namba tu inayoitwa PTIN, haina mtihani. Wakaguzi wa serikali wao, GAO, mwaka 2014 wakatoa ripoti kwamba walituma watu wajifanye wateja wa kawaida kwenye ofisi 19 za kujaza ritani, na 17 kati ya hizo 19 zikakosea kiasi cha marejesho. Kumi na saba! Huko ndiko kwenye kompyuta na programu za kila aina, kwahiyo mtu asituambie mfumo ukiwa wa kidijitali ujuzi hauhitajiki tena. Programu inajumlisha vizuri ila haijui kukuuliza swali.

IRS, ambao ndio TRA yao, wakaona hili, mwaka 2011 wakatunga kanuni, kila mtayarishaji wa kulipwa asajiliwe, afanye mtihani, asome kila mwaka. Watayarishaji watatu wakaenda mahakamani, kesi inajulikana kama Loving. Januari 2013 wakashinda, na Februari 2014 mahakama ya rufaa ya Washington ikathibitisha. Kwanini walishinda? Kwasababu IRS waliegemea sheria ya mwaka 1884, sheria ya zamani iliyotokana na watu waliokuwa wakiwawakilisha wananchi kudai serikalini fidia ya farasi na mali zilizopotea vitani. Mahakama ikasema sheria hiyo inahusu kuwakilisha mtu mbele ya wizara, na kujaza ritani si kuwakilisha, kwahiyo IRS hamna mamlaka hayo, nendeni Bunge lao liwape. Mpango ukafa, ukabaki wa hiari tu.

Funzo la kwanza hapo kwangu liko wazi. Jambo hili likitaka kufanyika hapa lisiletwe kwa tangazo la ofisini wala barua ya mkuu fulani, lipite Bungeni, liandikwe kwenye sheria, nani anasajili, nani anatahini, nani anafuta leseni, na aliyefutiwa anakata rufaa wapi. Tukiliweka juu juu siku moja mtu mmoja mwenye wakili mzuri ataliangusha na vijana waliolipia mafunzo watabaki na vyeti visivyo na kazi.

Funzo la pili ndilo nililipenda zaidi. Kule majimbo yana sheria zake, na jimbo la Oregon limekuwa likitaka leseni tangu miaka ya 70, mtu asome saa 80 halafu afanye mtihani. California nao wana usajili, mtu asome masaa, aweke dhamana, lakini hawana mtihani wa serikali kama wa Oregon. GAO mwaka 2008 wakalinganisha ritani. Za Oregon zilikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa sahihi kuliko za sehemu nyingine za nchi. Za California hazikuwa, zilikuwa nyuma kidogo hata ya wengine. Najua kuna mambo mengi yanayoweza kuchangia na wenyewe GAO walikuwa waangalifu kusema hivyo, lakini mimi nikisoma pale nachukua hili, kwamba kumwandikisha mtu na kumtoza ada hakumfundishi kazi. Leseni isiyo na mtihani ni risiti ya malipo. Tena ni hatari zaidi, maana sasa kishoka ana karatasi ya serikali ukutani na wewe unamuamini zaidi ya jana.

Majirani zetu nao wameshaanza njia zao, Kenya wana leseni ya wakala wa kodi kwenye sheria yao ya taratibu za kodi ya 2015, Uganda wana kamati ya kusajili mawakala kwenye sheria yao ya 2014, Afrika Kusini anayejaza ritani za watu kwa malipo lazima awe mwanachama wa chombo cha taaluma kinachotambulika. Kote huko kuna malalamiko pia, kwamba mawakala wamekaa mijini na masharti yamewabana wadogo. Ndio hofu yangu kwa Kigoma. Tukichukua masharti ya Dar tukayaleta huku kama yalivyo, shahada, uzoefu wa miaka kadhaa, ofisi yenye kiyoyozi, tutakuwa tumepiga marufuku msaada wenyewe. Watu wataendelea kwenda kwa kijana yuleyule ila sasa atafanya kwa kujificha, hasaini, hatoi nakala, na bei itapanda kwasababu ya hatari.

Kwahiyo tufanyeje? Mimi nasema tuangalie tulichofanya wenyewe kwenye dawa. Wazee mnakumbuka maduka ya dawa baridi. Kisheria yaliruhusiwa dawa ndogondogo tu, lakini kijijini hakuna famasia, mtoto anaumwa usiku, duka linauza antibayotiki kimyakimya na muuzaji hajui dozi. Serikali ingeweza kuishia kuwakamata. Mwaka 2003, kuanzia Ruvuma, ikafanya kitu cha akili zaidi, ikaanzisha Duka la Dawa Muhimu, ikachukua watu walewale waliokuwa nyuma ya kaunta, ikawafundisha, ikawapa orodha ya dawa wanazoruhusiwa na wasizoruhusiwa, ikaweka ukaguzi, na baadae ikasambaa nchi nzima. Hakuna aliyesema kila muuzaji wa dawa Uvinza awe mfamasia mwenye digrii. Wakasema, kwa kazi hii yenye mipaka hii, ujue hivi na hivi, ukivuka mpaka tunakufungia.

Hicho ndicho nakitaka kwa kodi. Leseni ya ngazi ya chini, kwa anayewahudumia watu binafsi wenye mauzo yasiyozidi milioni 100, basi, asiguse kampuni, asiguse VAT mpaka apande ngazi. Mafunzo ya wiki chache yanayoendana na msimu wa biashara, yafanyike hapahapa mkoani, Chuo cha Kodi walete walimu, si kijana wa Kibondo aambiwe apande basi siku mbili kwenda Mikocheni, Dar. Mtihani uwe wa vitendo. Mpe daftari la mama lililolowa mafuta ya mawese, mpe mfuko wa risiti, nusu za EFD nusu za kuandika kwa mkono, mwambie toa mauzo, toa kodi kwa njia zote zinazoruhusiwa, andika barua ya kumweleza mteja kwa Kiswahili cha kawaida. Akishindwa arudie. Ada ya leseni iwe ndogo sana na mtihani uwe mgumu wa haki, maana tukifanya kinyume chake, ada kubwa mtihani laini, tumetengeneza chanzo kipya cha mapato na si kinga ya mlipakodi.

Na maswali ya mtihani yatoke kwenye maisha ya hapa. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa uvuvi kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti. Miezi 3. Sasa mfanyabiashara mkubwa kidogo wa samaki ambaye Machi alishaweka makadirio ya mwaka mzima na analipa kwa awamu, mwisho wa Machi, mwisho wa Juni, mwisho wa Septemba, mwisho wa Desemba, biashara yake imesimama robo nzima. Sheria inamruhusu kurekebisha makadirio yake mwaka ukiwa unaendelea. Wangapi walirekebishiwa? Mtayarishaji anayejua kazi yake, siku ile ile tangazo la kufunga ziwa lilipotoka angeshika simu akaanza kupiga kwa wateja wake mmoja mmoja. Au wale mnaouza mzigo kwa Wakongo na Warundi, simenti, sukari, vitenge, kama umesajiliwa VAT mzigo unaotoka nje ya nchi unatozwa sifuri, lakini lazima karatasi za forodha zionyeshe kweli umetoka pale bandarini au Manyovu. Karatasi hakuna, afisa anahesabu kwamba umeuza hapahapa na asilimia 18 inakuangukia. Mtu wa kukuambia "tunza ile karatasi" Februari ana thamani kuliko wa kukuombea msamaha Novemba.

Halafu saini. Hapa sitaki mzaha. Sheria ya kodi tayari ilishalifikiria hili, kwamba anayetayarisha ritani ya mtu mwingine kwa malipo aweke saini yake kuthibitisha kwamba amepitia nyaraka. Mtaani hakuna anayesaini, ritani inaingizwa kwa paswedi ya mama kana kwamba mama mwenyewe alikaa kwenye kompyuta. Kila mwenye leseni awe na akaunti yake kwenye mfumo, aingie kwa jina lake, ritani ibaki na alama kwamba fulani ndiye aliyeandaa, na mlipakodi apewe nakala iliyochapwa. Hilo peke yake litapunguza ritani za sifuri, maana mtu akijua jina lake liko chini ya karatasi mkono unakuwa mzito kuandika uongo. Na akikosea kwa uzembe faini ya mteja aibebe yeye, angalau sehemu. Hapo ndipo nitamuamini.

Nimesikia hoja, tena nimesikia leo kabla hatujaanza, kwamba leseni italeta rushwa, mtu atanunua cheti. Inaweza. Dawa yake ni mtihani unaosahihishwa nje ya mkoa kwa namba na si kwa jina, na orodha ya waliofaulu ibandikwe hadharani, soko la Mwanga, Kibirizi, ofisi za kata, kila mtu aione. Hoja nyingine kwamba vijana watakosa kazi. Wapewe miaka miwili ya mpito, wanaofanya kazi sasa waendelee huku wanasoma, na nina imani kubwa na hawa vijana, wengine hapa nawajua wana akili ya hesabu kunizidi, wamekosa tu mtu wa kuwaonyesha kifungu kinasemaje. Kijana mwenye leseni atatoza zaidi kidogo na atastahili, maana atakuwa amekuokolea zaidi ya anachokutoza.

Mpaka hilo litimie msikae bure. Kabla ya kumpa mtu TIN yako muulize kama amesajiliwa na TRA au ana cheti cha NBAA, akisema hana si lazima umkimbie lakini muulize basi atakusainia wapi. Barua pepe iwe yako au ya mwanao unayemwamini, namba ya simu iwe ile unayotembea nayo, paswedi ibadilishwe kila ukimaliza. Pesa ya kodi usimpe mtu mkononi hata kama ni mpwa wako, omba namba ya malipo ulipe mwenyewe kwa simu au benki. Daftari na risiti tunza miaka 5, sheria inataka hivyo, weka kwenye dumu lenye mfuniko kama nyumba inavuja. Na ofisi za TRA pale mjini wana watu wa elimu kwa mlipakodi, kusaidiwa pale hakulipiwi, muogope foleni tu msiogope maafisa.

Nyie vijana wa steshenari, nina ombi kwenu kabla ya leseni yoyote. Acheni kuweka barua pepe zenu kwenye akaunti za watu, kuanzia wiki hii. Mkiwa na za zamani wapigieni wenye nazo wabadilishe. Na anayetaka tusome pamoja jioni, vifungu na hesabu, ofisini kwangu viti vipo.

Pale mezani kuna barua. Tumeiandika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, kwa wabunge wetu wa mkoa huu, tunaomba leseni hii ya ngazi ya chini, mtihani ufanyikie Kigoma, na saini ya mtayarishaji iwe ya lazima kwenye mfumo. Muswada wa Sheria ya Fedha unasomwa Dodoma kila Juni na kamati huwa inapokea maoni ya wananchi kabla ya hapo, kwahiyo tuna muda lakini si mwingi. Isome kwanza, usisaini kwasababu jirani amesaini. Nyuma ya barua kuna nafasi ya kuandika yaliyokupata, andika mwaka, andika kiasi, andika ulijaziwa na mtu wa namna gani bila kutaja jina lake. Asiyeandika aje kwangu nitamwandikia anavyosema.

Sasa maswali. Tuanze na mama wa kilemba cha kijani, halafu kijana aliyesimama mlangoni.